Zacharias na Mashudu ya Shemeji Yake

Kwa miaka ishirini na saba Zacharias Wollmann alikuwa mkuu wa ng'ombe wa jumuiya ya Weidengrund, ambako mali yote ni ya wote, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyethubutu kumwambia awalishe ng'ombe nini. Mkuu wa nguruwe ana nguruwe wake, fundi viatu ana viatu vyake, kila mtu na kazi aliyokabidhiwa na ndugu. Ukiingilia kazi ya mwenzio unapewa ukweli wako palepale mezani, supu ikiwa bado inafuka moshi. Ndivyo tulivyoishi vizuri huku Manitoba, Kanada, mpaka Eduard alipoleta ule mtambo.

Eduard Wipf ndiye mkuu wa mashamba, na ni kaka yake Rahel, mke wa Zacharias. Mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita trekta kutoka upande wa pili wa shamba, na ana ugonjwa mmoja: akipenda kitu, lazima na nyinyi wote mkipende. Mwaka ule alipenda mtambo wa kukamulia mafuta. Aliupata kwenye jumuiya nyingine iliyokuwa imeuchoka, akaufunga kwenye banda nyuma ya kinu cha chakula cha mifugo, akaanza kukamua mbegu za kanola yetu wenyewe. Mafuta yakaenda jikoni. Mashudu yakabaki, marundo kwa marundo, meusimeusi, yenye harufu kali ya haradali, na Eduard akawa anayatazama kwa mapenzi kama mtu aliyepata mjukuu.

"Ng'ombe watayala haya," alisema.

"Ng'ombe gani?" Zacharias akauliza.

"Wako."

"Wangu wanakula soya."

"Na hiyo soya inatoka wapi, shemeji? Inakaa njiani siku mbili, inakuja inapita mbele ya shamba letu la kanola, tunaipungia mkono, halafu tunaipakua. Hebu niambie, hiyo ni akili?"

"Hayo ni maziwa," Zacharias akamjibu. "Akili baki nayo wewe."

Basi yakaenda kwa ndugu. Wanaume waliobatizwa wakakaa baada ya sala, mmoja akasema hili, mwingine akasema lile, Mhubiri Andreas akifumba macho kama kawaida yake mtu akizungumza sana. Eduard akasimama. Hakupiga kelele safari hii, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi.

"Sisi ni wakulima wa kanola," alisema. "Kama mnyama hawezi kula tunacholima, tunamfuga wa nini? Jumuiya tatu hapa jirani wameshauza ng'ombe wao, na maziwa wanakunywa."

 Zacharias hakuwahi kusikia mtu akilitamka neno lile la kuuza mbele ya ndugu. Lakini hakuna aliyelidaka, na mwisho wakakubaliana: wiki sita ng'ombe wale mashudu ya kanola badala ya soya. Maziwa yakishikilia pale yalipo, mashudu yanabaki. Yakishuka, ndugu watakaa tena. Watakaa tena kuamua nini, hakuna aliyesema, na Zacharias alijijazia mwenyewe: kuamua kurudisha soya, basi. Kwani kuna kingine?

Wiki ileile kulikuwa na maandalizi ya harusi, na harusi kwetu maana yake kila kilichosimama kinapakwa rangi. Vijana walipaka uzio, wakapaka milango, wakapaka hata yale mapipa mawili marefu ya bati yaliyo kando ya kinu, ambamo chakula cha mifugo huhifadhiwa. Zacharias alipata rangi nyeupe kwenye kofia yake nyeusi ya ibada na hakuna aliyemwomba radhi. Kila kitu wiki ile kilimkera.

Chakula kipya kililetwa zizini Jumatatu na Jonas Glanzer. Jonas ndiye mtu wa kinu, na kwa kuwa jumuiya yetu si kubwa, ndiye pia mtu wa kuku. Ni mpole, mwenye vumbi kichwani mpaka viatuni, na pua yake ilishakufa zamani kwa hilo vumbi. Chakula chenyewe kilikuwa kimesagwa pamoja na shayiri, kikatiwa molasi, kikashindiliwa kuwa vipande vidogovidogo vya kahawia. Ukikitazama hivi hivi ni kilekile cha siku zote.

Zacharias akachota kiganja kimoja, akakipeleka puani, akafumba macho.

"Haradali!" akasema. "Jamani, haradali tupu! Rahel, njoo unuse."

Rahel alikuwa amepita kuchukua krimu ya jikoni, maana yeye ndiye mkuu wa jiko la jumuiya. Akanusa.

"Mimi nanusa molasi."

"Nusa vizuri."

"Nanusa molasi vizuri."

"Pua ya kina Wipf," Zacharias akanung'unika. "Mnanusa mnachotaka."

Ng'ombe wake thelathini na wawili walikula bila neno. Hilo nalo lilimkera. Yule mmoja wa nne kutoka mlangoni, mwekundu, mkorofi kuliko wote, aliramba mpaka chuma cha hori. Zacharias akamtazama kwa huzuni, akamwambia, "Hujui unachokula, mama," na jioni ile akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Kila ng'ombe alikuwa na haki ya makopo mawili kila wakati wa kukamuliwa. Yeye akatoa kopo moja, akajaliza kwa nyasi kavu. Ni huruma tu, alijiambia, ni kuwaepusha na sumu ya watu wenye mitambo. Jonas alipokuja na shehena nyingine, akamwambia bado lipo, lete wiki ijayo. Jonas, mtu mwenyewe wa kuamini, akageuza gari.

Wiki ya pili maziwa yakashuka.

Loo! Mngemwona. Mtu mwingine maziwa yakimshuka hunyamaza. Zacharias aliingia chumba cha kulia kama aliyeshinda mnada. Kwetu wanaume hula upande wao, wanawake upande wao, na hula kimya, haraka, dakika kumi watu wameshatoka. Zacharias akaanza kula na kutangaza.

"Mia saba na themanini ilikuwa. Leo mia saba na kumi. Lita sabini zimekwenda wapi, Eduard?"

"Nipe chumvi."

"Chukua chumvi. Lita sabini?"

"Ng'ombe wanasoma uso wako, shemeji. Hata mimi ukinikazia uso hivyo nakauka."

Wiki ya tatu ikawa mia sita na themanini. Wiki ya nne mia sita na hamsini. Ng'ombe akichechemea, ni mashudu. Nzi wakizidi, ni mashudu. Siku radi ilipopiga nguzo ya umeme na mashine za kukamulia zikazimika, kuna watu wanaapa walimsikia Zacharias akilitaja jina la Eduard. Jumapili mchana, watu wakikaa barazani kumenya mbegu za alizeti na kupiga soga, yeye alikuwa anatema maganda na kueleza kiwele cha huyu kilivyosinyaa na nywele za yule zilivyofifia, mpaka wakawa wakimwona anakuja wanakumbuka wana kazi nyumbani.

"Mwanamume mzima," Rahel alimwambia, "unanusa chakula cha ng'ombe kuliko unavyonusa changu."

"Chako hakina haradali."

"Chako pia hakina! Na kama unataka kujua, mimi nina yangu ya kunusa kule jikoni, lakini nani atanisikiliza? Kila mahali ni ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe."

Hakumuuliza ni yapi. Angemuuliza siku ile, mambo mengi yasingetokea, lakini Zacharias wa wiki zile alikuwa na masikio ya kusikia jambo moja tu.

Wiki ya sita ndugu wakakaa. Zacharias akasimama na karatasi yake ya lita, akaisoma yote, siku baada ya siku, Mhubiri Andreas macho kayafumba. Alipomaliza alitakiwa akae, lakini moyo wake ulikuwa umejaa wiki sita nzima na sasa umepata mlango.

"Ng'ombe hawa hawawezi kula mashudu ya kanola," alisema. "Hawawezi, hawataki, na hawatakuja kutaka. Hata mkiwapa miaka kumi."

Mhubiri akafumbua macho. "Hawawezi kabisa?"

"Kabisa."

"Una hakika, Zacharias?"

"Nawajua ng'ombe wangu."

 Zacharias alingoja kelele, alizitamani hata, alikuwa amezitayarishia majibu. Eduard akasimama polepole.

"Basi nimeshindwa," akasema. "Nilidhani wataweza. Zacharias anawajua kuliko mimi na amesema hawataweza. Sasa soya sisi hatulimi, na mashudu ya kanola yatakuwepo kila mwaka. Sina haja ya kubishana na shemeji yangu mpaka tuzeeke. Naomba ndugu tuamue: wauzwe."

"Wauzwe akina nani?" Zacharias akauliza, naye alikuwa anajua.

Mikono ikainuliwa. Mhubiri akaihesabu taratibu, na hakukuwa na haja ya kuihesabu mara mbili. Mnunuzi angepelekewa habari, lori lingekuja Alhamisi, kabla ya mavuno. Zacharias alikaa pale mpaka watu wote wametoka. Alikuwa ameshinda ubishi aliobishana kwa wiki sita, na ushindi wenyewe umemnyang'anya ng'ombe wote. Alitaka kumkasirikia Eduard lakini maneno yaliyowauza yalikuwa yake mwenyewe, kila mtu aliyasikia, "hawataki na hawatakuja kutaka." Nani alimtuma aongeze na miaka kumi?

Jumatatu asubuhi Rahel aliingia zizini na bakuli, ushungi wake wa madoadoa umelegea kwa hasira.

"Haya, bingwa wa kunusa. Nusa."

Zacharias hakuwa na hamu ya kunusa kitu chochote tena duniani. Lakini uso wa mkewe haukuwa wa kujadiliana naye. Bakulini mlikuwa na mayai yaliyopigwa. Akainamisha kichwa.

"Samaki," akasema.

"Samaki! Wiki ya nne hii! Nimewalaumu vijana kwamba wanakaangia samaki wao kwenye sufuria zangu. Nimewasugulisha wasichana sufuria mpaka mikono imechubuka. Tambi tulizotengeneza kwa mayai haya zinanuka samaki, supu inanuka samaki, jana mke wa mhubiri ananiuliza kwa adabu kabisa kama tumebadilisha mapishi. Aibu niliyopata! Jonas anasema kuku wake wazima kama chuma. Hebu wewe unayejua wanyama uniambie, kuku anayetaga samaki amekula nini?"

Zacharias alifungua mdomo amwambie hajui. Akaufunga. Alikumbuka mama yake, wakati wa vita vikuu vya pili, yeye mwenyewe alipokuwa mtoto na jumuiya ililima rapa kwa ajili ya mafuta ya mashine. Kuku wale wekundu wa mama walipewa mashudu ya rapa, mayai yakanuka samaki, na mama akayatupa nyuma ya nyumba, ndoo kwa ndoo, akilia kwa uchungu wa kutupa chakula. Rapa na kanola ni watoto wa nyumba moja. Na kuku wa Jonas ni wekundu wote.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye kinu. Twende, Rahel!"

Jonas aliwakuta wamesimama mbele ya yale mapipa mawili meupe ya bati. Moja limeandikwa SOYA, la pili limeandikwa MASHUDU, herufi nzuri, nyeusi, zilizonyooka.

"Fungua hilo la soya," Zacharias akasema.

Jonas akafungua kimlango cha chini. Zacharias akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Kiganja kilikuwa kimejaa chenga nyeusinyeusi, na harufu ya haradali iliyompanda puani ilikuwa kali hata macho yakamlenga machozi. Hii sasa ndiyo haradali. Hakuhitaji kufumba macho kuinusa.

"Na hilo la pili."

La pili likamwaga unga wa njano, mtamu, msafi. Soya tupu.

Jonas akakaa juu ya gunia. Akaeleza. Vijana wa harusi walipopaka rangi walifunika majina, na yeye akayaandika upya kwa kukumbuka. Watu wa Eduard wakawa wanamwaga mashudu kwa juu kwenye pipa la kulia walilozoea, hawasomi jina; yeye akawa anafungua kwa chini, anafuata jina: la soya kwa kuku, la mashudu kwa ng'ombe. Kutoka hapo chakula kinapita ndani ya bomba mpaka kwenye kinu, hakuna anayekiona mpaka kimesagwa.

"Kwa kukumbuka!" Zacharias akafoka. "Una mapipa mawili, Jonas! Si ishirini, mawili! Kulia na kushoto! Mtoto wa chekechea anajua kulia na kushoto!"

"Nilichoka, Zacharias. Ilikuwa wiki ya harusi."

"Wiki ya harusi! Ng'ombe wangu wanauzwa Alhamisi kwa sababu ya mashudu ambayo hawajawahi hata kuyaramba! Wiki sita wamekula soya ileile ya siku zote! Soya ileile! Kwa hiyo—"

 Rahel alikuwa amemtazama kwa muda, na sasa aliuliza lile ambalo yeye alikuwa amelifikia sentensi yake ikiwa katikati.

"Kama walikula soya ileile, maziwa yalishuka kwa nini?"

"Joto," Zacharias akasema.

"Joto lipo kila mwaka."

"Nzi."

"Zacharias."

Akatazama kiganja chake. "Nilipunguza," akasema.

"Ulipunguza nini?"

"Chakula. Nilikuwa nawapa kopo moja badala ya mawili. Nilidhani nawaokoa."



"Uliwanyima chakula kizuri," Rahel akasema, "kwa sababu kilinuka haradali, ambayo haikuwemo."

 Zacharias alitamani ardhi ipasuke.

Jonas, pale juu ya gunia, akakohoa. "Sikilizeni," alisema. "Nikibadilisha majina leo, kesho kutwa mayai yatakuwa mazuri. Nani atajua? Ng'ombe wameshaamuliwa. Mimi sitachekwa, na wewe Zacharias hutachekwa. Ya nini kujidhalilisha?"

Na kusema kweli, Zacharias alilifikiria. Alilifikiria Jumatatu nzima na usingizi ukamkataa. Angekuwa mzee aliyenyang'anywa ng'ombe wake kwa mashudu ya shemeji, na watu wangemhurumia mpaka kufa kwake. Kuhurumiwa si kubaya. Upande wa pili alimwona Eduard akicheka. Eduard angecheka, oh, angecheka kwa miaka kumi, kila harusi, kila mazishi. Jumanne akaingia zizini kukamua, wale thelathini na wawili wakageuza vichwa kwa pamoja kumtazama kama kila asubuhi, mbavu zao zikionekana zaidi kuliko zamani, na yeye ndiye aliyezitoa nje zile mbavu. Akawapa makopo mawili mawili, akatoka, akaenda kwa Mhubiri Andreas na viatu vya zizini, kitu ambacho hakijawahi kufanyika.

Ndugu wakaitwa Jumatano saa kumi alasiri. Wengine walitoka mashambani na hasira, maana siku ni za kazi. Zacharias akasimama mbele, kofia mkononi, akaeleza yote kutoka mwanzo: mapipa, rangi, mayai. Jonas akaitikia kwa kichwa kukiri. Alipofika pale aliponusa kiganja cha soya na kutangaza haradali, mtu mmoja nyuma akaguna, wa pili akaziba mdomo, kisha chumba kizima kikaangua kicheko. Eduard alicheka mpaka akashika ukuta. Zacharias akasimama akingoja wamalize, masikio yakimwaka.

"Sijamaliza," akasema.

Akawaambia kuhusu kopo moja. Kicheko kikafa. Eduard akajifuta macho, akamtazama shemeji yake kama mtu asiyemfahamu.

"Ulituletea hesabu ya lita," Mhubiri Andreas akasema, na safari hii macho yake yalikuwa wazi, "ukijua umewapunguzia chakula?"

"Niliamini ni mashudu yanayo—" Akasita. "Ndiyo. Nilijua. Sikusema."

"Tukakuuliza kama una hakika."

"Mliniuliza."

"Unaomba nini kwa ndugu?"

"Lori lisije kesho. Ng'ombe wapewe mashudu yenyewe, ya kweli, makopo mawili, wiki sita. Nadhani watayala. Nadhani hata watayapenda." Akaigeuza kofia mkononi. "Mimi nifanyeni mnavyoona."

Mtu akijadiliwa hatakiwi kuwa ndani. Zacharias akatoka nje, akasimama kwenye ngazi. Ilikuwa imegonga saa kumi na moja. Upande wa pili wa uwanja ng'ombe walikuwa wameanza kulia, mmoja kwanza, kisha wote, maana viwele vimejaa na kila mwanaume anayejua kukamua yuko ndani ya kile chumba akimjadili yeye. Alivumilia dakika tano. Dakika ya sita akasema, "Ah, potelea mbali," akavuka uwanja.

Alikuwa amefika ng'ombe wa tatu Eduard alipotokea mlangoni, na viatu vyake vya ibada vikatua moja kwa moja kwenye samadi mbichi. Hakulalamika. Hilo lilimtisha Zacharias zaidi ya kelele zake zote.

"Wanabaki," Eduard akasema.

"Wote?"

"Wote. Mhubiri mwenyewe ameenda kulikataza lori."

Zacharias akashika nguzo kwa furaha. Alitaka kumkumbatia yule mtu mrefu, mitambo yake na kila kitu. Kisha akaona jinsi Eduard anavyotazama kila mahali isipokuwa usoni kwake.

"Na mimi?"

"Unachukua kuku. Jonas atabaki na kinu, na wamempa mtu wa kumwandikia majina."

"Kuanzia lini?"

"Kesho alfajiri. Zacharias, mimi niliomba wakuache. Niliomba kweli. Wamesema mtu aliyewanyima chakula mara moja hawezi kukabidhiwa tena."

Zacharias akaitikia kwa kichwa. Lilimuuma kwa sababu lilikuwa la haki, na kwa sababu hakuwa na wa kumlaumu, yeye aliyekuwa fundi wa kulaumu kwa wiki sita. Akavuta pumzi.

"Ng'ombe wanampa nani?"

"Mimi." Eduard akakohoa. "Ati kwa kuwa mashudu ni yangu. Shemeji, mimi sijashika chuchu ya ng'ombe tangu nina miaka kumi na minne. Nimewaambia. Hawakunisikia."

"Walikusikia. Wewe ukisema nani hasikii?" Zacharias akampa aproni. "Vua koti. Wengine wanaendelea kulia, huwasikii?"

Eduard akavua koti, akavaa aproni iliyomfikia juu ya magoti. Wakaenda mpaka kwa ng'ombe wa nne, yule mwekundu, naye akainua mguu wa nyuma kabla hata hawajamkaribia. Eduard akaruka nyuma.

"Anapiga huyu!"

"Anapiga mtu anayemjia kimya. Simama hapo mbegani kwake. Usimguse bado. Ongea naye kwanza."

"Nimwambie nini?"

Zacharias alikuwa ameongea na ng'ombe yule asubuhi na jioni kwa miaka tisa, na sasa akatafuta hata neno moja la kumpa mtu mwingine, akalikosa. Akaweka mkono juu ya mgongo wa yule mnyama, akauondoa.

"Mwambie jina lako," akasema. "Hakujui."